Seti ya ELISA ya kupimia BDNF: nzuri, ila haijui baridi ya Mbeya

BDNF ni protini ambayo seli za ubongo hupelekeana kama ujumbe: ikishika kipokezi cha TrkB, seli ya neva huendelea kuishi na kuimarisha miunganiko yake. Ilitengwa mara ya kwanza mwaka 1982, kutoka ubongo wa nguruwe. Kwa mtu aliye hai, hupimwa kwenye damu; ELISA ni kipimo kinachoinasa kwa kingamwili, kisha rangi huonyesha kiasi chake.

Sahani ina vishimo 96. Viwango rejea saba (vimiminika vyenye kiasi cha BDNF kinachojulikana) na sifuri, kila kimoja mara mbili, vinakula 16. Vinabaki 80, yaani sampuli 40 tu, nazo zikirudiwa mara mbili.

Udhaifu uko kwenye maneno "joto la chumba". Karatasi ya maelekezo inamaanisha nyuzi 18 hadi 25. Asubuhi ya Julai hapa Mbeya chumba kisicho na hita hakifiki huko. Kingamwili hushika polepole, rangi ya bluu huchelewa, na vishimo vya pembeni hutofautiana na vya katikati. Kuongeza dakika kwa kukisia hakusaidii. Toa vimiminika kwenye friji mapema, funika sahani, iweke kwenye inkyubeta ya nyuzi 23. Ukishatia asidi na rangi kugeuka njano, soma upesi kwa mwanga wa nanomita 450.

Mzigo ukija kwa basi, hatari ni joto la Dar, Morogoro na Ruaha Mbuyuni kabla ya kupanda Kitonga. Gusa vibarafu kabla ya kusaini.

Sampuli ndizo huharibu kazi zaidi. Chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, zimebeba BDNF na huimwaga damu ikiganda, hivyo seramu (majimaji ya damu iliyoganda) huwa nayo nyingi kuliko plazima (majimaji ya damu iliyozuiwa kuganda). Aliyeacha damu igande dakika 30 na aliyesahau mirija saa mbili hawawezi kulinganishwa. Kwa plazima tumia mirija ya EDTA, kizuia damu kuganda, zungusha mara mbili kwenye sentrifuji. Mzunguko mmoja huacha chembe sahani.

Vishimo vinavyorudiwa hukubaliana vizuri, na sabuni ya kuoshea inatosha. Nyota nne kati ya tano.

Nyota ya tano imepotea kwa sababu karatasi haisemi kama kingamwili hizi hunasa pia proBDNF, umbo changa linaloshika kipokezi cha p75 na linaloweza kuielekeza seli kwenye kifo. Muulize muuzaji kabla ya kulipa. Akijibu "zote ni BDNF tu", tafuta mwingine.