TAHADHARI: Muuza visu vya kukunja Kariakoo, amenipiga mchana kweupe

Wakuu, naandika kwa mkono wa kushoto, maana kidole cha shahada cha kulia kimeshonwa nyuzi nne. Kaeni mbali na kijana anayetembeza visu vya kukunja Kariakoo, upande wa Mtaa wa Kongo, begi jeusi mgongoni. Ni tapeli. Ameniuzia kisu feki kwa shilingi 85,000, na nilimpa pesa huku nikimshukuru.

Kisu changu cha zamani sinacho tena. Tangu hapo nimekuwa naazima cha shemeji, na mtu anayeishi kwa kitalu cha miche kuomba kisu kila asubuhi ni aibu. Nilitaka kisu chepesi, cha kutia mfukoni nikasahau kama kipo. Nikate kamba za manila, nitoboe viriba vya miche, nimenye chungwa, na nikikutana na mti mzuri wa parachichi nichukue vikonyo viwili vitatu vya kupandikiza papo hapo. Kisu kizito kinavuta suruali na kukugonga paja kutwa nzima, mwisho unakiacha nyumbani. Nikaamua Victorinox, visu vya Uswisi, aina ile ya Spartan: kikikunjwa ni milimita 91, uzito kama gramu 60.

Sasa sikilizeni alivyonifanya. Ilikuwa saa tano asubuhi, nimetoka kununua mikasi ya kupogolea. Alinisikia nikiulizia visu dukani, akanifuata nje. "Kaka, unataka cha ukweli au cha kubabaisha?" Akaingiza mkono mfukoni mwake akatoa kisu chekundu, mpini umechubuka kidogo kwa matumizi, akaniwekea kiganjani.

Wakuu, kile kilikuwa chenyewe. Nilivuta bapa kwa ukucha, likaja kwa ukinzani wa sawasawa, mwisho likalia "ta!" na kusimama. Nikalitikisa kulia kushoto, halichezi. Nikasoma maandishi shinani mwa bapa, herufi ndogo zimekaa vizuri: VICTORINOX, SWISS MADE. Nikachomoa kibano na kijiti cha meno, nikavirudisha. Akanipa kipande cha gazeti, nikakipitisha kwenye makali kikaachana bila kelele.

Na alikuwa anajua anachosema. Alinisimulia habari za Karl Elsener wa kijiji cha Ibach aliyefungua karakana yake mwaka 1884, akataja kisu cha maofisa cha 1897, akaeleza kwamba jina limetokana na Victoria, mama yake mzee huyo, likaunganishwa na neno la Kifaransa la chuma cha pua mwaka 1921. Nikikutana na mtu anayeijua bidhaa yake hivyo, namwamini. Na nyie mngemwamini.

Kisha akasema, "Hiki ni changu, niliachiwa na mtalii Moshi, siuzi. Nina vipya kwenye boksi." Akatoa boksi kwenye begi, limevishwa nailoni, picha ya kisu juu, msalaba mweupe pembeni. Nikaanza kuikwaruza nailoni kwa ukucha. Hapo ndipo aliponimaliza. Aliweka kiganja chake juu ya mkono wangu, taratibu, kama mtu anayekujali: "Kaka, usikifungulie hapa. Mgambo wakikuona umeshika kisu barabarani watakusumbua bure." Nikageuza shingo, na kweli mgambo wawili walikuwa wanapita upande wa pili. Nikalitia boksi kwenye mfuko wa koti. Nikatuma pesa kwa simu nikiwa nimesimama palepale, jasho linanitoka, yeye ananishikia mikasi yangu.

Najua mtauliza kwa nini sikusogea pembeni nikafungua. Basi langu lilikuwa linasubiri, na sikwenda pale kwa tamaa ya bei chee. Angeniambia elfu kumi ningeshtuka. Elfu 85 ni bei ya mtu anayeuza kitu halisi, na nilikuwa nimejinyima miezi mitatu kuipata. Ndiyo maana roho inaniuma.

Kilomita 700 hivi hadi Njombe sikulifungua lile boksi. Nilitaka nikifungue mbele ya mama watoto na kijana wangu. Tulipokaa mezani, kijana alikishika, akalifungua bapa, akanitazama: "Baba, mbona kinacheza?" Nikamjibu vipya vina kawaida hiyo, kitakaza. Nilimjibu hivyo huku moyoni nimeshajua. Nilishindwa kulitamka mbele yao.

Siku ya pili nikaenda nacho kitaluni. Kikonyo cha kwanza makali yakasuguasugua bila kukata. Cha pili nikakandamiza ili nipate ile kabari ya kupandikizia, springi ikaachia, bapa likajikunja juu ya kidole. Nililiona limesimama ndani ya nyama kabla sijasikia maumivu. Vikonyo nilivyokuwa nimevikata asubuhi kwa kisu cha shemeji vimekauka vyote, na mteja aliyeagiza miche 200 ameshapiga simu mara mbili.

Nikampigia yule kijana. Mara ya kwanza alisema mali ikishauzwa hairudi. Nilipomwambia nimeshonwa, alikata na kunibloku. Hakuniuliza hata kidole gani!

Huyu mtu akamatwe. Namba aliyopokelea pesa ninayo, ujumbe wa malipo ninao, naupeleka polisi, na bidhaa feki nchini zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, kwa hiyo na wao nitawapelekea kisu chenyewe na boksi lake. Afilisiwe hayo mabegi yake. Alipe hospitali, alipe miche, akae ndani ajue kwamba kisu kinachojikunja kinakata vidole vya watu wanaotafuta ugali. Angekuwa ameniuzia saa mbovu ningenyamaza.

Mnaotaka kununua, feki niliyo nayo hapa shinani imeandikwa STAINLESS tu, hakuna jina wala nchi. Msalaba wa mpini umepakwa rangi na tayari unabanduka kwa ukucha, wakati ule aliouonyesha ulikuwa wa chuma, umezamishwa kwenye plastiki. Kibano kimekaa kwa kulegea, ukikiinamisha kinadondoka. Ukitazama mwanga kati ya vipande vya mpini unaona mianya. Bapa halina ule mlio. Na akikuonyesha kimoja akakuuzia kingine, mwambie hapana, nataka hichihichi nilichokishika, uone uso wake utakavyobadilika.

Mrefu kiasi, mweusi, ana pengo la jino la juu upande wa kushoto, anaita kila mtu kaka. Aliyewahi kununua kwake aniandikie faraghani ili twende polisi tukiwa wengi. Nyuzi zinatolewa Ijumaa, Jumatatu nashuka Dar.