Zebco 33, rili ya kitufe: nimeivulia Kiwira, Mufindi na Matema, haya ndo maoni yangu

Wakuu, wanaonijua huku Mbeya wanajua wikiendi usinitafute mjini, kama sipo mto Kiwira kule juu basi nipo Mufindi kwenye mabwawa ya mashamba ya chai, na kila nikipita na mti wangu wa kuvulia watu wanauliza lile lile, hiyo rili mbona mshipi hauonekani, unatokea wapi? Basi leo nalijibu kwa kirefu ili anayetaka kununua anunue akijua anachonunua.

Hii ni Zebco 33. Nililetewa na binamu yangu anayesoma Fayetteville, Arkansas, Marekani, huko kwenye milima ya Ozarks, ambako anasema kila nyumba ukiingia stoo utaikuta moja ya babu imening'inia. Rili kwa asiyejua ni kile chombo cha kukunjia mshipi kinachofungwa kwenye mti. Zile tulizozoea kuziona zina bobini ya mshipi iliyo wazi na waya wa kufungua na kufunga, hii yenyewe imefunikwa na kofia ya chuma yenye tundu dogo mbele, mshipi unatokea hapo, na nyuma kuna kitufe kikubwa cha kubonyeza kwa dole gumba. Unabonyeza na kushikilia, unarudisha mti nyuma, unaurusha mbele, ukifika mbele unaachia dole, mshipi unaondoka. Ukianza kuzungusha mkono, ndani kuna kijipini kinaudaka na kuukunja. Basi, hakuna kingine cha kujifunza.

Historia yake mi naipenda sana. Kampuni yenyewe ilikuwa Tulsa, Oklahoma, na haikuwa ya uvuvi kabisa, ilikuwa inatengeneza mabomu ya kulipulia visima vya mafuta, ikiitwa Zero Hour Bomb Company. Biashara ya mabomu ikawa inaelekea kufa, akaja fundi saa mmoja wa Texas, R.D. Hull, na wazo lake la rili. Inasimuliwa kwamba alimuona muuza duka akivuta kamba ya kufungia mizigo kutoka kwenye bunda lisilozunguka, kamba inatoka yenyewe bila kujikoroga, akaona kumbe na mshipi unaweza kutoka hivohivo. Rili ya kwanza ikatoka 1949, hii 33 ikaja 1954. Na jina Zebco limetokana na herufi za lile jina la mabomu. Kitu kimetengenezwa na fundi saa, na ukiifungua ndani unaelewa, vipande vichache na kila kimoja kina kazi yake.

Sasa kwa nini nasema inatufaa sisi wa Nyanda za Juu. Angalia maji ya kwao. Ozarks ni milima ya chokaa, chemchemi kila mahali, mito myembamba yenye maji baridi na angavu, Buffalo, Current, White, miti imeinamia mto pande zote. Watu wanashuka na boti zao za mbao za chini bapa au wanaingia majini kwa miguu. Na trauti, yule samaki wa maji baridi tunayemvua Kiwira na Mufindi, hakuwa samaki wao wa asili kule, hilo wengi hawalijui. Walipojenga mabwawa makubwa kama Norfork na Bull Shoals (hili la pili lilizinduliwa na rais Truman 1952) maji yanayotoka chini ya bwawa yakawa baridi mno, samaki wa asili wa maji ya vuguvugu wakashindwa kuzaliana pale, ndo serikali ikapandikiza trauti, na 1957 wakafungua kituo cha kuzalisha vifaranga hapo Norfork. Mto mwingine wa huko huko Arkansas, Little Red, ndo ulitoa trauti wa kahawia wa kilo 18 na ushee mwaka 1992, rekodi ya dunia kwa miaka mingi, na jamaa alimtoa kwa mshipi mwembamba wa ratili nne, yaani mshipi ambao ukining'iniza kilo mbili kavu unakatika.

Na sisi trauti wetu aliletwa na wakoloni, akapandwa kwenye mito ya juu kwa sababu ya baridi. Kwahiyo ukisimama Kiwira kule juu kabla haujafika chini kwenye Daraja la Mungu na Kijungu, mto mwembamba, vichaka hadi usoni, jiwe linateleza, upepo unabadilika kila dakika, unakuwa kwenye mazingira yale yale rili hii iliyoyazoea. Hauna nafasi ya kurusha mti kwa mbwembwe. Unahitaji kurusha kifupi, chini ya tawi, mita nane au kumi, mkono mmoja umeshika mti na mwingine umeshika shina la mti usidondoke. Hapo kitufe kinafanya kazi ambayo rili ya wazi inakupa tabu, kwasababu rili ya wazi ni lazima mkono wa pili uje kufungua waya, na mshipi uliolegea ukipigwa na upepo unajikoroga kwenye majani. Hii nabonyeza, natupa, naachia, chambo kimeingia kwenye maji meusi nyuma ya jiwe. Ukitaka kukisimamisha kabla hakijagonga ng'ambo unabonyeza tena, kinadondoka pale pale.

Breki yake, kile kigurudumu cha kulegeza na kukaza, ni laini kwa samaki wa mto. Trauti wa kwetu wengi ni wa kwenye kiganja au zaidi kidogo, mara moja moja anakuja wa kutosha familia, na huyo ukimlegezea vizuri anakimbia anachoka mwenyewe. Ile nailoni iliyokuja nayo ni ya ratili kumi, mi niliitoa nikaweka nyembamba zaidi, maji ya Kiwira ni angavu sana samaki anauona mshipi mnene toka mbali. Mkono wa kuzungushia unahamishika kulia au kushoto, wenye mashoto mtanishukuru.

Halafu kuna hili ambalo kwangu ndo sababu kubwa kuliko zote. Mpwa wangu wa darasa la tatu, mtoto wa dada yangu wa Tukuyu, nilimpa hii rili bwawani Mufindi na kabla chai haijapoa alikuwa anarusha mwenyewe bila kuniita. "Mjomba usiniguse, nimeshajua!" Jioni hakutaka kuondoka. Huku kwetu uvuvi wa mti tunauona kama kitu cha wazungu wa mashamba ya chai au cha watu wasio na kazi, wakati mito ni yetu, samaki wapo, na mtoto akikaa mtoni asubuhi nzima anajifunza kuusoma mto, maji yanakimbia wapi, yanatulia wapi, wadudu gani wanadondoka toka majani. Kule Ozarks watoto wengi wanaanza na rili ya aina hii na baba au babu pembeni. Nataka na watoto wa Rungwe na Mufindi waupate huo utoto, nasema kwa moyo wangu wote.

Sasa pasipofaa. Usiipeleke Matema kumtafuta mbasa. Ziwa Nyasa ni jingine kabisa, maji yanashuka ghafla kwenda kina, karibu mita 700 pale penye kina kirefu kuliko kote, na mbasa akishika anaondoka hasimami, rili za kitufe nyingi zinabeba mshipi mchache, na hii ni mojawapo. Pale chukua rili ya wazi kubwa au panda mtumbwi na wenyeji wa Matema wanaojua samaki kapita wapi, ni watu waungwana na wanajua ziwa kuliko kifaa chochote. Kwa magege wa karibu na mawe inatosha, jioni moja nilikula magege wa kuchoma na ndizi pale ufukweni na nilimvua kwa hiihii. Na mbasa anapopanda mtoni kipindi cha mvua kwenda kutaga, wadau, tumuache apande, ukimtoa mwenye mayai umetoa na watoto wake wote.

Bwawa la Mtera pia nimeenda nayo, perege na kambale wanakuja kwa nyambo tu, ila pale usithubutu kuingia majini kama wanavofanya Wamarekani kwenye mito yao. Mamba na viboko wapo. Vua ukiwa umekaa mbali na ukingo na uwe na mwenyeji.

Tahadhari nyingine ni hizi za kufanana nazo zinazouzwa mjini. Kuna duka moja hapa Mbeya, silitaji, niliuziwa rili ya kitufe isiyo na jina kwa elfu kumi na tano, kofia ni plastiki, kile kijipini cha ndani kililika haraka sana mshipi ukawa haukunjwi, unazungusha mkono bure samaki anaondoka. Ukiwa dukani fungua kofia uangalie kipini ni chuma au plastiki, zungusha mkono taratibu usikilize, ukisikia inakwaruza rudisha. Zebco yenyewe kule Marekani ni kama dola 25 hadi 30, ukiwa na ndugu anayekuja mwambie aiweke kwenye begi, haina uzito wa kumsumbua.

Matunzo ni madogo ila yafanye. Kwa kuwa imefunikwa mchanga ukiingia hauuoni, kwahiyo ukitoka Matema fungua kofia, futa kwa kitambaa kikavu, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli, acha wazi ikauke usiku. Mshipi huwa unajisokota ukizungusha mkono huku samaki anavuta breki, kwahiyo akikimbia wewe acha kuzungusha, msubiri asimame ndo ukunje.

Na kabla haujaenda popote pitia kwa afisa uvuvi wa halmashauri, leseni ni takwa la sheria ya uvuvi ya 2003 na bei sio ya kuogopa, na kwa mabwawa ya mashamba ya chai ongea na uongozi wa shamba kwanza. Mi mwezi ujao mvua zikipungua nataka kwenda Kiwira na vijana wachache wa Uyole ambao hawajawahi kushika mti, rili ya ziada ninayo moja, anayetaka kuijaribu kabla ya kununua aseme hapa chini nimpe nafasi.