Fizi zikirudi nyuma: nini ununue kwanza, nini kisubiri, nini ukiache dukani

Niligundua kwa ukucha. Nilikuwa nimesimama mbele ya kioo, nikapitisha ukucha juu ya jino la chonge upande wa juu kushoto. Uliteleza vizuri, mara ukagonga kidato kidogo, na juu ya kidato hicho palikuwa na sehemu ya manjano iliyonirusha kwa ganzi. Nilidhani jino limechafuka. Kumbe ule ulikuwa mzizi. Ufizi uliokuwa umeufunika ulikuwa umepanda karibu milimita mbili, bila maumivu wala damu, na mkono uliouondoa ulikuwa wangu mwenyewe, kwa kusugua kwa nguvu miaka nenda miaka rudi nikiamini ndiyo usafi.

Wiki ile nilinunua kila kilichoandikwa neno fizi. Jeli, dawa ya kusukutua ya rangi ya zambarau, dawa ya meno ya kung'arisha, mpaka mafuta ya kupaka. Sehemu kubwa ya fedha ile ilipotea bure, na ndiyo maana nakuandikia.

Tuanze na jambo ambalo pakiti hazikuambii waziwazi. Ufizi ukisharudi nyuma hauoti tena wenyewe. Hakuna dawa ya meno, mafuta, jeli wala kidonge kinachouotesha. Unachoweza kununua dukani kinafanya kazi tatu tu: kuzuia ufizi usirudi nyuma zaidi, kulinda mzizi uliobaki wazi usioze, na kutuliza ganzi, yaani ule mshtuko wa jino likiguswa au likipata baridi. Kila bidhaa ninayoipanga hapa chini nimeipima kwa kazi hizo tatu.

Kabla hujatoa hela

Fizi hurudi nyuma kwa njia mbili kubwa, na kila njia ina manunuzi yake. Ya kwanza ni mkono mzito. Hapo fizi huwa za waridi, ngumu, hazitoi damu, ila zimepanda kwenye jino moja au mawili, mara nyingi chonge na meno yanayoifuata. Kwa anayetumia mkono wa kulia, upande wa kushoto ndio huumia zaidi. Ya pili ni ugonjwa wa fizi. Hapo utaona wekundu, uvimbe, damu ukipiga mswaki, harufu mbaya isiyoisha, mianya mipya katikati ya meno, pengine jino linalocheza. Mvutaji sigara ajihadhari zaidi, kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo fizi zake zinaweza kuugua sana bila kutoa damu ya kumshtua. Mwenye kisukari naye yumo hatarini kuliko wengine. Wapo pia waliozaliwa na fizi nyembamba, wenye meno yaliyosogea nje ya mstari, na waliotoboa mdomo au ulimi wakaweka kipini kinachogusa ufizi kutwa.

Kwa hiyo ukinipa mimi nafasi ya kwanza kabisa, sitaipa bidhaa. Nitaipa kiti cha daktari wa meno. Atapitisha kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya jino na ufizi. Kina cha milimita 1 hadi 3 ni cha kawaida. 4 na kuendelea kwaweza kuwa mfuko wa ugonjwa. Kama kuna ugaga, yaani ule uchafu ulioganda kama chokaa, ataukwangua. Hakuna mswaki duniani unaoondoa ugaga, hata ungekuwa wa bei gani. Ukinunua vifaa vizuri ukavitumia juu ya ugaga, ni kupaka rangi ukuta wenye unyevu.

1. Mswaki laini

Huu ndio ununuzi wa maana kuliko yote, na kwa bahati njema ni wa bei nafuu. Pakiti nyingi huandikwa Soft, Extra Soft, Medium au Hard. Chukua Soft. Kama mizizi imeshaonekana au meno yana ganzi, chukua Extra Soft. Medium na Hard ziache dukani hata kama umezoea, hata kama Soft inakufanya uhisi hujapiga mswaki. Hisia hiyo inadanganya. Ukoga, ule utando laini unaoota kwenye jino kila siku, hauhitaji nguvu kutoka; unahitaji kufikiwa.

Tazama na kichwa cha mswaki. Kiwe kidogo, kiweze kuzunguka nyuma ya gego la mwisho bila kugonga shavu. Nywele ziwe nyingi, zimebanana, na ncha zake ziwe zimeviringwa, si zimekatwa kama ufagio. Mambo ya mpini uliopinda na raba za pembeni ni mapambo tu.

Mswaki laini kwenye mkono mzito bado unaumiza, kwa hiyo nunua mswaki na ujifunze mkono kwa pamoja. Fanya hivi: weka mizani ya jikoni mezani, bonyeza mswaki juu yake kama unavyopiga kila asubuhi, usome namba. Gramu 150 hadi 200 zinatosha kabisa. Mimi nilipita 400 bila kujua. Kilichonisaidia ni kuacha kuukamata mswaki kwa kiganja kizima, nikaushika kwa ncha za vidole kama kalamu. Nguvu inapungua yenyewe.

Namna ya kusugua ina historia. Katika miaka ya 1940 daktari Charles Bass wa New Orleans, Marekani, alifundisha kuulaza mswaki kwa nyuzi 45 kuelekea pale jino linapokutana na ufizi, kisha kuutikisa kidogo kidogo mahali pale pale. Leo madaktari wengi huongeza mfagio mmoja kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino. Usisugue kwa kwenda na kurudi kama unayekata ubao kwa msumeno. Mwendo huo ndio unaochimba vidato.

Badilisha mswaki kila miezi 3. Nywele zikitawanyika ndani ya wiki chache, usilaumu mswaki. Ni ushahidi wa mkono.

Kwa anayetumia mswaki wa mti: unaweza kusafisha vizuri, ila tafuna ncha mpaka ilainike, ikate na kuanza mpya ikichakaa, na usugue kutoka kwenye ufizi kwenda nje, usivute kando kando. Bado utahitaji floraidi, yale madini yanayoimarisha jino lisioze, kutoka kwingine.

2. Dawa ya meno yenye floraidi, isiyokwaruza

Mzizi si sawa na sehemu ya jino inayoonekana kila siku. Sehemu hiyo imevikwa enameli, kitu kigumu kuliko mfupa. Mzizi una ngozi nyembamba tu, na chini yake dentini, ambayo ni laini zaidi. Uchachu wa mdomoni hupimwa kwa pH, na namba ikishuka uchachu umezidi. Enameli huanza kuyeyuka pH ikishuka hadi 5.5 hivi, dentini huanza mapema, karibu na pH 6.2 au zaidi. Maana yake, kinywaji kikali au sukari ambayo jino lako lingeistahimili inaweza kuanza kuumumunya mzizi. Ndiyo maana floraidi si hiari kwa mwenye fizi zilizorudi nyuma.

Soma ubavuni mwa tyubu. Mtu mzima atafute floraidi ya ppm (sehemu kwa kila milioni) 1,350 hadi 1,500. Dawa isiyo na floraidi, hata ikiwa na mitishamba yenye harufu nzuri kiasi gani, haikufai kwa hali hii. Zipo pia za ppm 5,000, lakini hizo ni za kuandikiwa na daktari kwa mizizi iliyoanza kuoza.

Halafu ukwaruzaji. Hupimwa kwa kipimo kiitwacho RDA, na kiwango cha juu kinachokubalika kimataifa ni 250. Kwa mzizi ulio wazi mimi hutafuta chini ya 70 au 80. Tatizo, pakiti nyingi hazichapi namba hiyo. Kanuni yangu rahisi: zinazojitangaza kung'arisha au kuondoa madoa huwa zinakwaruza zaidi, na za mkaa sizigusi. Magadi ya kuokea, kinyume na wengi wanavyodhani, hayakwaruzi sana. Chumvi ya chembechembe inayosuguliwa kwa kidole ndiyo inayoumiza.

Kama una ganzi, tafuta kwenye orodha ya viambato potassium nitrate ya asilimia 5, au stannous fluoride, au arginine. Ya kwanza hutuliza neva. Mbili za mwisho huziba vijitundu vya dentini ambamo baridi hupenya. Usiihukumu dawa ya potasiamu kwa siku tatu. Ipe wiki 2 mpaka 4, asubuhi na usiku. Ukimaliza, tema tu, usisukutue kwa maji, ili floraidi ibaki kazini. Na ukinywa kitu chenye uchachu, subiri kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

3. Vibrashi vya katikati ya meno

Hapa ndipo watu wengi huruka, na hapa ndipo ugonjwa wa fizi unapoanzia. Fizi zikisharudi nyuma, mianya katikati ya meno hupanuka, na uzi wa meno unapita humo bila kugusa sawasawa kuta zilizobonyea za mzizi. Kibrashi kidogo chenye waya katikati kinajaza pengo lote. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2019 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalionyesha kwamba vibrashi huenda vikashinda uzi, ingawa ushahidi wenyewe haukuwa na uzito mkubwa. Mimi nimeona tofauti mdomoni mwangu: damu ya katikati ya meno iliisha ndani ya siku kumi.

Saizi ndiyo kila kitu. Kibrashi sahihi hupita kwa ukinzani kidogo, nywele zikigusa pande zote, bila waya kukwaruza jino. Kikikataa, usikilazimishe, shuka saizi. Kikipita kama hewani, panda. Rangi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo usinunue kwa rangi. Fuata namba ya ISO, yaani kipimo cha kimataifa, inayoanzia 0 kwa vyembamba kabisa mpaka 8. Mdomo mmoja huhitaji saizi mbili au tatu, kwa hiyo pakiti ya kwanza iwe ya mchanganyiko. Waya uwe umefunikwa plastiki. Kimoja hutumika mara kadhaa ukikiosha. Kikipinda au nywele zikilala, kitupe.

Pale ambapo meno yamebanana na ufizi bado umejaza nafasi, rudi kwenye uzi. Ushushe taratibu ukiukumbatisha jino. Usiukate chini kwa kishindo, maana uzi nao huchana ufizi.

4. Mswaki wa umeme wenye kitambuzi cha mgandamizo

Nauweka wa nne kwa sababu ya bei, si kwa sababu ni mbaya. Cochrane mwaka 2014 ilikusanya tafiti nyingi na kukuta kwamba baada ya miezi 3 miswaki ya umeme ilipunguza ukoga kwa asilimia 21 na uvimbe wa fizi kwa asilimia 11 zaidi ya ile ya mkono. Kwa mwenye mkono mzito faida kubwa ni kitambuzi: taa huwaka au mtikisiko hubadilika ukibonyeza kupita kiasi. Usio na kitambuzi usiununue kwa tatizo hili. Vichwa vya kubadilisha viwe laini, na ulizie bei yake kabla ya kununua mashine, kwa sababu hivyo utavinunua kila miezi 3. Usiusugue, uweke juu ya jino, uhesabu sekunde chache, uhamie lingine.

5. Kifaa cha kurusha maji

Kinawafaa waliofungwa nyaya za meno, wenye madaraja ya meno bandia, na wale ambao vidole vyao haviwezi kushika uzi. Hupunguza damu kwenye fizi. Utando wenyewe hakiubanduki kama kibrashi kinavyoubandua, basi kisikupumzishe kupitisha vibrashi.

6. Dawa ya kusukutua

Yenye klorheksidini ya asilimia 0.12 au 0.2 inaua bakteria kwelikweli, lakini ni ya muda mfupi, wiki mbili hivi, na kwa ushauri wa daktari. Ukiizidisha inachafua meno rangi ya kahawia na kuvuruga ladha. Yenye floraidi ni nyongeza nzuri kwa mizizi iliyo wazi, itumie saa tofauti na ya mswaki. Nyingi kati ya zilizobaki ni harufu zaidi.

Ziache

Jeli na mafuta yanayoahidi kuotesha fizi. Nilipaka miezi miwili. Kidato hakikusogea hata unywele. Ziache pia poda za mkaa.

Kinachoweza kuufunika mzizi tena ni upasuaji wa kupandikiza ufizi, mara nyingi kwa nyama iliyochukuliwa kwenye kaakaa la mgonjwa mwenyewe. Matokeo yanategemea mfupa ulio katikati ya meno: ukiwa mzima, mzizi unaweza kufunikwa wote, ukiwa umeliwa na ugonjwa, kufunikwa wote si jambo la kutegemea. Si kila mzizi ulio wazi unahitaji kupandikizwa. Wangu daktari aliuacha, kwa sababu haukuwa ukiendelea.

Nilijuaje kwamba hauendelei? Kwa picha. Kila miezi 3, siku ninayofungua mswaki mpya, navuta mdomo kwa kidole na kupiga picha ya chonge ile ile, dirisha lile lile, saa ile ile. Kisha naiweka kando ya ile ya zamani, nikitazama umbali kati ya ukingo wa ufizi na kidato. Ukingo ukipanda, au mzizi ukianza kuwa wa kahawia na laini ukiugusa, sisubiri miadi ijayo.