Kaizari alikufa mara mbili, mama yangu akainuliwa kitini

Nimeambiwa nisubiri hasira zishuke ndiyo niandike. Hazishuki, basi naandika hivi hivi.

Mchezo wenyewe, tuseme haki, ni mzuri. Ni kichekesho cha kikundi cha maigizo kinachofanya mazoezi ya Juliasi Kaizari, ile ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1963. Tabu inaanza pale ambapo hakuna anayetaka kuwa Kaizari. Mchezo una sehemu tano, Kaizari anauawa sehemu ya tatu, na kikundi hiki kinalipana posho kwa muda mtu aliosimama jukwaani. Basi bwana aliyebebeshwa ukaizari akichomwa visu hafi. Anaanguka, anainuka, anadai kasahau neno, anaomba maji. Wauaji wanamnong'oneza, "Kufa basi!" Naye anajibu kwa sauti kwamba watoto wake wanakula mpaka sehemu ya tano. Mwongozaji alikwenda semina moja Dar na tangu hapo hasemi bila kutaja "dhana". Mshika fedha akiulizwa pesa za mfadhili anaanza kuimba. Aliyewahi kuwa kwenye kikundi chochote hapa Unguja, kiwe cha ngoma au cha taarab, atawajua mmoja mmoja.

Sasa lililonileta. Tiketi tulikata kama watu wote, tukawahi, tukakaa mstari wa pili kwa sababu magoti ya mama hayambebi tena. Kaizari yuko chini, watu hoi kwa vicheko, mara tochi ya macho. Kijana wa waandaaji, beji shingoni.

"Bi mkubwa, inukeni. Viti hivi vya watu."

Nikamuuliza, "Na sie majini?"

Hakucheka. Shikamoo hakutoa, na mama ni wa kumzaa mama yake. Akawa anamulika miguu ya mama, ati aharakishe! Marehemu baba alikuwa akitupeleka sinema Majestic pale Vuga, ile iliyojengwa 1955 baada ya sinema ya Royal kuungua. Ukishakata tiketi kiti chako, aje nani. Leo hii mtu mzima anainuliwa gizani, tena kwenye mchezo unaowacheka watu wa namna hiyo hiyo.

Nikaona ndio basi. Kumbe bado. Mgeni rasmi kaingia na msafara wake, mshereheshaji kapanda jukwaani, Kaizari bado kalala pale, akatangaza kwamba kwa heshima ya mgeni mchezo unaanza upya. Ukumbi ukacheka. Na mie nikacheka, nikajua ni sehemu ya kichekesho, tena nikasema walioandika wana akili. Taa zikawashwa, Kaizari akajipangusa vumbi akarudi ndani kichwa chini. Hapo ndipo tulipojua hakuna utani.

Nilitaka kuondoka. Mama akakataa. Keshapewa kiti cha plastiki na muuza maji, Mungu amlipe, akasema pesa yake haijesha.

Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa, maana mara ya pili ilikuwa bora kuliko ya kwanza. Waigizaji walikuwa na hasira na kila neno lilikata. Kaizari alipochomwa akawageukia wa mbele: "Waheshimiwa, leo nishakufa mara moja. Hii ya pili ina bei yake." Hilo halikuwemo mwanzo. Mama alicheka mpaka akajifuta kwa ukaya. Mgeni alitabasamu, akatazama simu, na kabla ya sehemu ya nne keshaondoka na msafara wake wote. Viti vikabaki vitupu, mie nimesimama ukutani.

Yule kijana akaja kutuambia sasa tunaweza kurudi mbele. Sikumjibu.

Waigizaji nawapa alama zote. Waandaaji siwapi hata moja. Au tuseme moja, kwa ile aibu waliyotuonesha bila kukusudia, maana hakuna mwandishi angeipanga vile. Nasikia wanavuka Pemba. Ndugu zangu wa Chake nendeni, Kaizari yule msimkose. Ila mkishakaa, msiinuke.