APA PsycInfo kupitia maktaba ya chuo: uzoefu wangu (nyota 4 kati ya 5)

Nianze na kinachowakera wengi: PsycInfo haikupi makala nzima. Ni kanzidata ya saikolojia ya APA, chama cha wanasaikolojia cha Marekani, yenye ikisiri na taarifa za machapisho, zaidi ya milioni 5, mengine ya karne ya 19. Inakwambia nani kaandika nini, kwa washiriki wa aina gani na kwa kipimo kipi. Makala yenyewe unaipata kwingine, kwa mfano PsycArticles (kanzidata ya APA yenye makala nzima) au majarida ambayo chuo chako kimelipia. Ukilijua hilo mapema hutaipa nyota moja kwa hasira.

Mimi naitumia kupitia EBSCO, jukwaa la kutafutia ambalo vyuo hulipia, kwa mapitio ya machapisho ya afya ya akili na sayansi ya jamii kwa ujumla. Utamu wake uko kwenye tezauri, yaani orodha ya istilahi rasmi ambazo waandaaji huzibandika kwenye kila makala baada ya kuisoma. Anayeandika sentensi nzima kwenye kisanduku kama yuko Google anakunywa mchuzi na kuacha nyama.

Chukua mada ya sonona kwa vijana wa sekondari Tanzania. Fungua tezauri, andika "depression". Utakuta "Major Depression", ambayo ni ugonjwa wenyewe, na istilahi nyingine iliyoongezewa neno "Emotion", ambayo ni ile huzuni isiyofikia kiwango cha ugonjwa. Ukichagua moja bila kusoma maelezo yake, unapoteza kundi zima la tafiti, hasa zile zilizopima dalili kwa dodoso bila daktari kuthibitisha. Weka tiki kwenye "Explode" ili istilahi finyu zilizo chini yake ziingie pia. Angalia na mwaka istilahi ilipoanza kutumika, kwa sababu makala za nyuma ya hapo huenda ziko chini ya jina jingine.

Istilahi peke yake haitoshi. Makala mpya zinazoingia kabla ya kuchapishwa rasmi huwa bado hazijabandikwa kitu. Kwa hiyo mstari wangu wa kwanza huwa hivi (DE ni istilahi ya tezauri, TI ni kichwa cha makala, AB ni ikisiri, na nyota * huleta miisho yote ya neno):

DE "Major Depression" OR TI depress* OR AB depress*

Wa pili:

Tanzania* OR Zanzibar OR "Dar es Salaam"

Tafuta kila mstari peke yake, kisha nenda kwenye historia ya utafutaji uunganishe S1 AND S2, yaani makala zilizomo kwenye mistari yote miwili. Wanaorundika AND na OR kwenye mstari mmoja bila mabano hupata matokeo ya ajabu halafu wanailaumu kanzidata.

Kichujio cha umri kiwe cha mwisho. Hapo "Adolescence" ni miaka 13 hadi 17 tu, na wanafunzi wetu wa kidato cha tano na sita wengi wana 18 au 19. Ongeza "Young Adulthood", inayobeba 18 hadi 29, la sivyo unawafuta baadhi ya unaowatafuta. Kichujio cha aina ya utafiti nacho ni kizuri mno: unatenganisha tafiti za mahojiano, zile za kufuatilia watu kwa muda mrefu, na mapitio ya kimfumo kwa kubofya tu. Google Scholar haina kitu hicho.

Kuna mambo tezauri haiyashiki. Watu wetu wengi hawasemi wana sonona, wanasema wanawaza sana, na watafiti huyaandika hayo kwenye ikisiri kama "thinking too much". Andika thinking N2 much, yaani maneno hayo mawili yasitengane kwa zaidi ya maneno mawili, kwa mpangilio wowote. Na ukitafuta dodoso lililokwisha kujaribiwa kwa lugha yetu, kwa mfano PHQ-9 yenye maswali tisa ya dalili za sonona, andika Swahili OR Kiswahili. Waandishi wamegawanyika, na ukiweka neno moja unakosa kazi za upande wa pili.

Nyota moja nimeikata kwa Afrika. Majarida yetu yaliyomo ni machache, kwa hiyo mapitio yanayotegemea PsycInfo peke yake yatakuonyesha Tanzania kama inavyoandikwa kwenye majarida ya Ulaya na Marekani. Mimi huongeza AJOL (African Journals Online), tovuti ya majarida ya Afrika, ya Afrika Kusini, iliyoanza 1998. Kisanduku chake cha kutafutia hakina ufundi mwingi, basi weka maneno mawili matatu tu na upitie kwa macho. Tasnifu na ripoti za zamani zimo maktabani, kama kwenye mkusanyiko wa East Africana pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Muulize mkutubi, usihangaike na katalogi peke yako. Kwa anthropolojia na sosholojia, JSTOR, maktaba ya mtandaoni ya majarida, inakuruhusu kusoma makala 100 kwa mwezi mtandaoni ukiwa na akaunti ya bure, ila majarida mengi huchelewa kuingia kwa miaka 3 hadi 5.

Fungua pia akaunti yako binafsi ndani ya EBSCO, tofauti na ile ya kuingilia maktaba. Ukiacha ukurasa ukae kimya, muda unaisha na historia yote ya utafutaji inapotea. Usinakili anwani iliyo juu ya kivinjari, kesho haitafunguka. Tumia kiungo cha kudumu kilicho kwenye rekodi, au tuma rekodi kwa faili la RIS (muundo wa kuhamishia marejeo) uliingize Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeo.

Makala ikigoma kufunguka, chukua namba yake ya DOI, kitambulisho chake cha kudumu mtandaoni, uibandike Google Scholar, bofya orodha ya matoleo yote, na mara nyingi kuna nakala halali kwenye hazina ya kidijitali ya chuo cha mwandishi. Kwa waliomaliza chuo na kufungiwa akaunti, PubMed, kanzidata ya tiba na afya, ni bure na ina istilahi zake rasmi, MeSH. Upande wa afya ya akili inafaa sana. Kwenye saikolojia ya elimu hamia ERIC, kanzidata ya tafiti za elimu, nayo bure.