Yamaha DX7 ya 1983 kwenye kompyuta ya leo: je, inafaa kuwa kontrola?

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Leo mezani nina sinthesaiza, yaani kinanda kinachotengeneza sauti zake chenyewe, Yamaha DX7, ile ya kwanza kabisa, ya kahawia iliyokoza na vitufe bapa visivyoinuka. Sauti zake sizichambui leo. Ninachotaka tukiangalie ni kitu kimoja: ukiichomeka kwenye kompyuta na kuitumia kama kontrola, yaani funguo za kupigia programu za muziki kama FL Studio, Cubase, Reaper au Ableton Live, inafaa? Maana mashine za namna hii bado zipo. Utaikuta kanisani imefunikwa kitambaa, utaikuta kwa mzee aliyepiga bendi, au kwenye duka la vyombo vilivyotumika. Na prodyuza kijana anajiuliza aichukue hiyo au anunue kontrola mpya ya funguo 25.

Jibu langu nalitoa mapema ili asiye na muda asihangaike. Kama unapiga kinanda kwa mikono miwili, ichukue. Kama kazi yako ni kugonga ngoma kwenye pedi na kuzungusha vinobu, iache. Sasa kaa nikueleze kwa nini.

Tuanze na funguo, kwa sababu ndizo unazozinunua. Zipo 61, za ukubwa kamili, na zinashuka vizuri mpaka chini. Zinapima nguvu ya mguso, na zinapima pia mgandamizo, yaani ukishabonyeza ufunguo ukaendelea kuukandamiza, mashine inajua. Tazama hapa nikipiga kodi pole pole kisha nikiongeza. Kila kidole kinasikika peke yake. Kontrola ndogo za bei nafuu ufunguo unashuka kidogo tu umeshagota, na ukitaka kupiga laini inakuwa kubahatisha. Hapa kuna nafasi ya kufikiri kati ya juu na chini. Mgandamizo wake ni mgumu, lazima uweke nguvu, lakini ukishauzoea unaweza kuitetemesha sauti ya fidla ya kompyuta bila kuondoa mkono.

Lakini kuna jambo la kwanza litakalokusumbua, na watu wengi hulidhania kuwa ni ubovu. Kwenye MIDI, lugha ambayo vinanda na kompyuta huongea, nguvu ya mguso huhesabiwa mpaka 127. DX7 hii, ukiipiga kwa nguvu ya kawaida, inakomea karibu na 100. Uipige mpaka vidole viume, 127 huioni. Ndani ya DX7 yenyewe hilo halina shida, sauti zake zimetengenezwa kwa kulijua. Shida inakuja kwenye programu. Piano nyingi za kompyuta zimerekodiwa kwa tabaka: tabaka la kupiga laini, la wastani, na la kupiga kwa nguvu. Lile la juu kabisa hulifikii kamwe, na piano inabaki kama imefungiwa chumba cha pili. Utaanza kuilaumu piano.

Dawa yake ipo ndani ya programu, na ni ya dakika chache. Pianoteq, ambayo ni piano ya kompyuta, ina mchoro wake wa mguso: unauvuta ili 100 inayoingia isikike kama 127. Ableton Live ina kifaa kinaitwa Velocity, unakiweka mbele ya ala yako. Programu nyingine nazo zina namna zake. Usiinue tu kila kitu kwa kuongeza namba ileile, ukafanya 60 kuwa 87, kwa sababu hapo unaua upigaji laini, na upigaji laini ndio uliokufanya uichukue mashine hii. Vuta mchoro uinuke taratibu kuelekea juu, chini uache ulivyo.

La pili ni chaneli, yaani njia ambayo ujumbe wa MIDI unapita. DX7 ya kwanza hupokea MIDI kwenye chaneli yoyote utakayoichagua, 1 mpaka 16, lakini hutuma kwenye chaneli 1 peke yake. Hakuna menyu ya kubadilisha, usiitafute. Sababu yake ni umri. Itifaki ya MIDI ilionyeshwa hadharani Januari 1983 kwenye maonyesho ya NAMM kule Marekani, pale Prophet-600 ya Dave Smith ilipounganishwa na Jupiter-6 ya Roland, na DX7 ikatoka mwaka huohuo. Waliitengeneza wakati kila mtu bado anajifunza nini kitahitajika. Kwa leo hili halikuumizi sana. FL Studio hupeleka noti kwenye ala uliyoichagua, na programu nyingine hukuruhusu kuamua kila treki isikilize chaneli gani.

La tatu ndilo linalochanganya zaidi, kwa hiyo hapa tulia. Kwenye kontrola hakuna sauti ndani, funguo zinatuma tu ujumbe. Kwenye sinthesaiza, funguo zinapiga sauti ya ndani na wakati huohuo zinatuma ujumbe nje. Mashine za baadaye zina mpangilio unaoitwa Local, ukiuzima funguo zinaachana na sauti ya ndani. DX7 ya kwanza haina. Ukiitumia kama kontrola tu, teremsha kitelezi cha VOLUME mpaka sifuri na umemaliza: kinapunguza sauti ya mashine, hakigusi ujumbe wa MIDI. Ila ukitaka pia kompyuta iipige DX7 yenyewe, tatizo linaanza. Unabonyeza noti, DX7 inailiza. Ujumbe unakwenda kwenye kompyuta, kompyuta inaurudisha, DX7 inailiza tena. Noti moja inalia mara mbili, sauti inakuwa kama inapiga mluzi, na zile sauti 16 inazoweza kutoa kwa pamoja zinabaki kama 8. Kwa hiyo unaporekodi, zima njia ya kurudi. Rekodi kwanza, kisha fungua njia ya kurudi uisikilize.

Sasa nije kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye mashine hii, na nashangaa hakizungumzwi. Ona hapa, tundu dogo limeandikwa BREATH. Hapa unachomeka kifaa cha pumzi cha Yamaha, BC1 au wadogo zake, unakiweka mdomoni, na pumzi yako inakuwa sehemu ya upigaji. Kwenye MIDI inatoka kama ujumbe wa udhibiti (control change) namba 2. Yeyote anayetengeneza taarab kwenye kompyuta anajua nai, ile filimbi, ya kompyuta inavyokera: noti inaanza na nguvu moja, inakwisha na nguvu ileile, hakuna mtu anayepuliza. Weka kifaa mdomoni, ielekeze namba 2 kwenye ukubwa wa sauti ya nai, na kama programu inaruhusu, kwenye ung'avu wake pia. Sasa nai inaanza kwa hewa, inavimba, inakatika pale unapokata pumzi. Isikilize hii... Hiyo ni nai ileile ya kompyuta, sijabadilisha kitu. Kwangu mimi hili peke yake linatosha kuibeba DX7, na kontrola nyingi za bei ya chini hazina hata tundu la kuchomeka kitu kama hiki.

Pedali nazo zimo. Ya kushikilia sauti inatuma namba 64 kama kawaida. Ile ya kukanyaga taratibu kama ya gari inatuma namba 4, na programu nyingi husubiri 11 kwa kazi hiyo, kwa hiyo iambie programu ibadilishe. Gurudumu la modulesheni ni namba 1. Baada ya hapo kilichobaki ni kitelezi kimoja cha DATA ENTRY. Hakuna vinobu vya kufungua na kufunga filta, hakuna pedi, hakuna kitufe cha kuanza wala kusimamisha kurekodi. Utaendelea kushika kipanya kwa mkono mmoja. Hilo ni pungufu la kweli, na kama unafanya shoo jukwaani na kompyuta, litakuumiza.

Kuna Dexed. Ni programu ya bure inayoiga DX7: opereta 6 (vizalisha mawimbi ya sauti), algoriti 32 (namna za kuviunganisha), kila kitu. Na inaongea na mashine halisi. Kwenye DX7 bonyeza FUNCTION, kisha 8, endelea kubonyeza mpaka uone SYS INFO, uiweke AVAIL. Kuanzia hapo ukichagua sauti kwenye mashine, data ya sauti hiyo inatumwa nje, na Dexed inaipokea. Unaweza pia kutuma benki nzima ya sauti 32 kwa mkupuo. Benki hiyo ni baiti 4,104, na kwa mwendo wa MIDI wa biti 31,250 kwa sekunde inachukua sekunde moja na ushei. Ukitaka kuirudisha benki kwenye mashine, zima kwanza ulinzi wa memori, la sivyo haitapokea.

Na hapa ndipo kebo za bei ya chini zinapoaibika. Zile za USB zenye vichwa viwili vya MIDI hupeleka noti vizuri, lakini nyingi zinashindwa na fungu refu kama hili, linafika limekatika. Kama unataka noti tu, itakutosha. Kama unataka kuhifadhi sauti, nunua interfesi nzuri, yaani kisanduku cha kuunganisha MIDI na kompyuta, au tumia tundu za MIDI kama saundi kadi yako inazo. Kumbuka OUT ya kinanda inakwenda IN ya kompyuta. Na usishtuke ukiona taa ya interfesi inawaka-waka bila mtu kugusa kitu. DX7 hutuma ujumbe mfupi mfululizo kusema bado ipo, programu hupuuza.

Kuna wanaosema MIDI ya zamani inachelewa. Noti moja ni baiti 3, inasafiri kwa muda unaokaribia milisekunde moja. Ucheleweshaji unaousikia unatoka kwenye bafa ya sauti ya kompyuta, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulitoa. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 ni milisekunde 23, vidole vinaisikia. Ishushe mpaka 256, inakuwa kama 6. Kwenye Windows tumia dreva ya sauti ya ASIO, inayopunguza ucheleweshaji, hata ASIO4ALL inasaidia.

Kabla hujatoa hela, mambo ya kukagua. Kwanza geuza mashine usome volteji nyuma. Iliyouzwa Japani ni ya volti 100, ya Marekani 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230 au 240, unaiunguza. Lazima transfoma ya kushusha, na iwe nzuri. Pili, bonyeza FUNCTION kisha 14, itakuonyesha hali ya betri ya ndani. Kama imechoka, sauti zilizohifadhiwa zinapotea, ingawa kama kontrola itaendelea kutuma noti. Betri imechomelewa kwa risasi, mpelekee fundi. Tatu, nenda na kompyuta. Fungua programu ya kuonyesha ujumbe wa MIDI, MIDI-OX kwenye Windows au MIDI Monitor kwenye Mac, piga kila ufunguo, laini halafu kwa nguvu, uangalie namba. Ufunguo wenye vumbi au kutu ndani utatoa namba za ajabu: unagusa kidogo unaruka juu, au hautoi kitu. Sisi wa pwani chumvi ya hewani inafanya kazi yake, kwa hiyo usiruke hata ufunguo mmoja. Halafu ibebe uone, inazidi kilo 14.

Na tafadhali msidanganywe na jina. DX21, DX27 na DX100 ni za familia hiyohiyo, lakini funguo zao hazipimi nguvu ya mguso. Juno-106 ya Roland na Poly-800 ya Korg nazo vivyo hivyo. Kama sinthesaiza za kusikiliza, ni nzuri sana. Kama kontrola, kila noti itatoka kwa nguvu moja. Ukipata Roland D-50 ya 1987 au Korg M1 ya 1988, hizo zinapima mguso na mgandamizo, na zote unaweza kuzima Local. Nikiwekewa M1 na DX7 nzima pamoja kwa bei moja, kwa kazi ya kontrola tu, nachukua M1. Nikiambiwa nitapiga nai, narudi kwenye DX7.

Andikeni chini hapo mna mashine gani nyumbani, na kama mnajua toleo lake andikeni pia. Video ijayo nitafungua mchoro wa mguso kwenye FL Studio hatua kwa hatua, nikiwa na kinanda hikihiki.