Wiki mbili kwenye mashine ya alizeti: nenda Juni, usiende Desemba

Walimu watatu wameshaniuliza kama ule mpango wa sisi walimu kwenda kujifunza kazini, kwenye mashine za kukamua mafuta, wakati wa likizo unafaa, kwa hiyo naandika hapa niache kujibu mmoja mmoja. Unafaa. Ila nenda Juni, alizeti ikiwa imetoka shambani na mashine zinanguruma. Desemba utakuta mlinzi na paka.

Mimi nafundisha fizikia kidato cha pili na cha tatu, Singida mjini. Tangu mtaala ulioboreshwa uanze Januari 2024 na mkondo wa amali (mafunzo ya ufundi na kazi) uingie sekondari, kila kikao tunaambiwa tuunganishe somo na maisha ya mtoto. Sawa. Lakini mimi nilitoka kidato cha sita nikaingia chuo, nikatoka chuo nikashika chaki. Mashine za kukamua nilikuwa nazipita kila wiki na kidumu changu mkononi, sijawahi kuuliza zinafanyaje kazi. Mkuu wa shule akaandika barua kwa mwenye kiwanda kidogo kimoja (jina naliacha), naye akakubali walimu wawili kwa wiki mbili. Hakuna ada, hakuna posho. Mchana unajitegemea kwa mama ntilie wa getini.

Siku tatu za kwanza zilipotea. Tulipokewa kama wakaguzi: tukapewa viti vya plastiki ofisini na soda, tukawa tunachungulia magunia dirishani. Mwenzangu wa somo la biashara aliomba kuona daftari la mapato, akaambiwa kesho. Hiyo kesho haikufika mpaka tunaaga. Kama unafundisha biashara, maliza suala hilo kabla hujakanyaga pale.

Siku ya nne nikachoka, nikajifunga kitenge nikaenda mwenyewe kwenye mashine. Fundi, mzee wa Kinyaturu mwenye sikio moja lililoziba kwa makelele, alinitazama toka juu hadi chini. "Madamu, mkanda ukikishika hicho kitenge tutakusoma gazetini. Kesho njoo na ovaroli." Nikaja na ovaroli. Masomo yakaanza.

Jambo la kwanza nililoshangaa ni foleni ya asubuhi: kila mtu alikuwa anamsukumia mwenzake nafasi ya mbele. Nikadhani ni heshima. Kumbe mashine ikiwa baridi haikamui vizuri, gunia la kwanza linatoa mafuta kidogo na mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, yanabaki yamelowa. Kwa hiyo fundi huanza kwa kurudishia mashudu ya jana, yanasuguana mle ndani mpaka pipa lipate moto, ndipo anaita mteja. Nimefundisha miaka sita kwamba msuguano unapoteza nishati. Pale msuguano ndio mpishi. Na mkanda wenyewe usiposuguana na puli, lile gurudumu unalozungukia, mota inazunguka bure. Fundi anajua kwa harufu ya mpira kabla macho hayajaona kitu, anaisogeza mota nyuma kidogo, anakaza nati, basi.

Puli ndogo ya mota ilikuwa sentimita 15, ile ya mashine 45. Darasani hiyo tunaisema kwa Kiingereza, kwa kanuni, na nusu ya darasa inasinzia. Fundi aliisema hivi: "Ndogo inakimbia mara tatu, kubwa inatembea mara moja, lakini kubwa ndiyo ina nguvu." Nimeiandika ubaoni hivyo hivyo, kanuni ikafuata chini yake.

Kitu kingine ni mzani. Mnunuzi mmoja aling'ang'ania kuwa dumu la lita 20 ni kilo 20, na fundi akaniachia mimi nimjibu. Tukapima dumu tupu, tukapima limejaa, tukatoa. Kilo 18 na nusu hivi. Mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana yanaelea, na ndiyo maana anayenunua kwa kilo na kuuza kwa lita anacheka. Wanafunzi wangu walilishika hilo kwa kipindi kimoja, maana nusu yao wametumwa dukani na dumu.

Lawama nyingine: hakuna vizuia sauti vya masikioni, na hilo si dogo ukimwangalia yule mzee. Nunua vyako. Barua ya kuthibitisha kwamba tulikuwepo nayo tuliifuata mara nne.

Nyota tatu na nusu kwa mpango. Fundi peke yake tano.

Julai niliwapa kidato cha tatu hesabu ya umeme: mota ya kilowati 15 ikifanya kazi saa 4 kwa nguvu yake yote inakula uniti ngapi za LUKU? Wakapata 60, wakaguna, maana nyumbani kwao 60 ni mwezi mzima. Kisha kijana mmoja wa nyuma, ambaye tangu Januari hajawahi kunyoosha mkono, akauliza: "Madamu, ya kwetu kijijini inakwenda kwa dizeli. Hiyo tunaihesabuje?"

Sikuwa na jibu la haraka. Jioni nikampigia fundi, akacheka sana. "Mlete Jumamosi. Ila asije na shati limechomoka."